Shikamoo mzee, ripoti iko wapi?

Kwa miaka yangu yote ya rasilimali watu hapa Dar es Salaam, barua inayonichosha kuliko zote ni ile ya mistari miwili: "Mfanyakazi huyu amenishinda. Naomba aondolewe." Nikifungua faili nakuta barua ya ajira, nakala ya cheti cha kidato cha nne na picha mbili za pasipoti. Onyo hakuna, kumbukumbu ya kikao hakuna. Mwaka mzima bosi alikuwa akiugulia moyoni.

Kuna kisa kimoja sikisahau. Kijana wa miaka 29 alipandishwa kuwa msimamizi wa ghala katika kampuni ya usambazaji. Chini yake kulikuwa na mtunza stoo wa miaka 53, yule yule aliyemfundisha kazi alipoingia pale akiwa kibarua. Ripoti ya mzigo ilitakiwa saa kumi na moja jioni, na haikuwa ikifika. Kila asubuhi kijana anasema shikamoo, anaitikiwa "marahaba mwanangu", na hapo hapo ulimi unakuwa mzito. Utamdaije ripoti mtu uliyetoka kumwamkia?

Akafanya wanachofanya wengi: akahamia kwenye kundi la WhatsApp. "Kuna watu wanadhani ghala hili ni la baba yao." Mafumbo yanapendeza kwenye khanga na kwenye taarabu, lakini kazini ni balaa. Anayelengwa hajui ni yeye, na asiyehusika anakosa usingizi. Makuli wawili walinijia kwa nyakati tofauti kuuliza kama ndio wao. Mzee hakuuliza kitu.

Ikaja ile barua ya mistari miwili.

Sheria haijui haya. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinampa anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kawaida angalau saa 48 za kujiandaa, na haki ya kusaidiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kama lawama ni utendaji hafifu, mwajiri anatakiwa kwanza achunguze chanzo, atoe maelekezo, kisha ampe mtu nafasi ya kujirekebisha. Aliyeachishwa ana siku 30 za kufikisha shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mimi sina ubavu wa kwenda kule na fumbo la WhatsApp nikaliita onyo.

Nikamwita kijana. Shikamoo yako iache palepale, nikamwambia, ila mkae faraghani, wote mmeketi, na uulize kuhusu kazi. Tukaandaa maneno: "Mzee, wiki hii ripoti imechelewa mara nne. Kinachokukwamisha ni nini?" Hakuna "siku hizi umebadilika". Tulifanya mazoezi ofisini kwangu na kilichomshinda ni kunyamaza baada ya swali. Kila mara alijijibu mwenyewe.

Siku yenyewe alinyamaza. Mzee akaeleza kwamba lori la mwisho hurudi saa mbili usiku, na mara nyingi lina mzigo uliokataliwa madukani. Akituma ripoti saa kumi na moja, anatuma hesabu ya uongo. Muda ule uliwekwa makao makuu na mtu asiyejua malori yanarudi saa ngapi. Nami, nikiri, nilikuwa nimeshaanza kuandika hati ya mashtaka.

Muda ulisogezwa hadi saa mbili asubuhi inayofuata. Kijana akaandika aya moja ya walichokubaliana, wote wawili wakasaini, nami nikaitia kwenye faili la mzee. Ilikuwa karatasi ya kwanza kuingia humo tangu barua ya ajira.