Je, wajua mgonjwa aliyeacha kuonekana kliniki anahesabiwaje kwenye utafiti?

Utafiti wa dawa una wagonjwa wa kila aina. Mmoja ugonjwa unamrudia mapema. Mwingine anahama mji akiwa mzima, simu haipatikani tena. Wa tatu bado yuko salama siku daftari linapofungwa. Hawa wawili wa mwisho utawaandika wapi? Ukisema wamepona, umeipamba dawa. Ukiwafuta, umetupa ushahidi wa wiki zote walizokaa salama.

Jibu walilitoa Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, mwaka 1958. Meier alishughulika na wagonjwa. Kaplan alikuwa akihesabu maisha ya valvu, vifaa vya kukuza sauti kwenye nyaya za simu zipitazo chini ya bahari! Kila mmoja alikuwa na andiko lake, wakaombwa wayaunganishe.

Njia yao inaonekana vizuri katika utafiti wa saratani ya damu uliochapishwa Marekani mwaka 1963. Wagonjwa 21, watoto na vijana, walipewa dawa ya saratani iitwayo merkaptopurini. Wengine 21 walipewa dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Upande wa merkaptopurini, wiki ya 6 watatu walirudiwa na ugonjwa. Waliobaki salama ni 18 kwa 21, yaani asilimia 86. Wiki hiyohiyo mgonjwa mwingine ufuatiliaji wake uliishia hapo, akiwa salama. Basi wiki ya 7 tunaanza na 17, si 18. Mmoja akarudiwa: 16 kwa 17. Zidisha na ile 86, unapata asilimia 81. Wiki ya 9 mwingine akaishia hapo akiwa salama. Mstari wa mchoro wa waliobaki salama haukushuka, ila wiki ya 10 namba ya kugawia ilikuwa 15.

Huo ndio ujanja wote. Mtu anahesabiwa maadamu anaonekana, kisha anatoka kimya kimya. Ndiyo maana mchoro wake unafanana na ngazi: hushuka pale tu ugonjwa unaporudi. Kufikia wiki ya 8, zaidi ya nusu ya waliopewa dawa bandia walikuwa wamerudiwa. Wenye merkaptopurini, mstari wao ulishuka chini ya nusu katika wiki ya 23.

Hesabu hii ina sharti moja, nalo husahaulika sana: anayetoweka awe hana tofauti na wanaobaki. Kama wanaoacha kliniki ni wale waliozidiwa, ngazi itakaa juu kuliko ukweli, na hakuna kuzidisha kutakakoirekebisha.