Kijiji cha sensa nchini India: watu wangapi, basi liko umbali gani

Ukikuta taarifa ya kijiji kidogo cha India ikisema kina kaya 80, watu 412, na basi linapatikana kati ya kilomita 5 na 10, anza na neno kijiji lenyewe. Hapo si nyumba zilizokusanyika mahali pamoja. Ni mauza, yaani eneo lenye mipaka iliyopimwa zamani kwa ajili ya kodi ya ardhi, pamoja na mashamba, malisho na mabwawa yake. Sensa hufuata mipaka hiyo hiyo. Ndiyo maana sensa ya 2011 iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000, na zaidi ya 40,000 kati yake havikuwa na mkaazi hata mmoja. Kaskazini kijiji cha aina hiyo huitwa bechirag, pasipo taa.

Kaya ni watu wanaokula jiko moja. Asilimia ya wanaojua kusoma hupigwa kwa wenye miaka 7 na kuendelea tu: kama kati ya hao 412 watoto wa miaka 0 hadi 6 ni 56, na wasomaji ni 230, gawanya kwa 356, upate 64.6. Anayegawanya kwa 412 anapata 55.8 na kukionea kijiji. Uwiano wa wasichana kwa kila wavulana 1,000 nao uuchukue kwa tahadhari mahali padogo. Wasichana 18 kwa wavulana 22 ni 818. Kati ya watoto hao 40, mmoja tu angezaliwa msichana badala ya mvulana, uwiano ungeruka hadi 905.

Lakini panapoumiza zaidi ni kwenye barabara. Mauza moja huweza kuwa na vitongoji kadhaa: tola kwa watu wa Bihar, dhani kwa wa Rajasthan. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza tarehe 25 Desemba 2000, unahesabu makazi, hauhesabu mauza. Kiwango chake kilikuwa watu 500 kwenye tambarare na 250 milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila. Chukua kijiji cha tambarare chenye watu 620 katika vitongoji vitatu vya watu 310, 190 na 120, kila kimoja kilomita mbili kutoka kwa kingine. Kwenye jedwali la sensa kimevuka 500. Kwenye mpango hakuna kitongoji kilichofika. Vingekuwa ndani ya mita 500, idadi zao zingejumlishwa na barabara ingekuja.

Barabara inayotakiwa ni ya kupitika majira yote. Si lazima iwe na lami, ila lazima iwe na mitaro na kalvati za kupitisha maji. Zikikosekana, mvua za Juni hadi Septemba hukata njia kwenye kijito kimoja tu, na trekta ndiyo hupita, gari la wagonjwa hukwama. Njia iliyoonekana nzuri mwezi Machi haijathibitisha chochote.

Sasa zile kilomita 5 hadi 10. Orodha ya huduma za vijiji haiandiki umbali kamili pale huduma isipokuwepo kijijini. Hutia herufi: a chini ya kilomita 5, b kati ya 5 na 10, c 10 na zaidi. Kwa hiyo c inaweza kuwa 11 au 40. Herufi ni moja kwa kijiji kizima, kwa hiyo mtu wa kitongoji cha pembeni aongeze mwendo wake wa miguu. Tena hiyo orodha hutenga basi la umma, basi la binafsi, bajaji, teksi, trekta na mikokoteni ya wanyama, kila kimoja na safu yake. Palipoandikwa basi lipo, haisemwi linapita mara ngapi: la kila nusu saa na la mara moja asubuhi yana alama ileile. Hiyo saa ya basi ulizia kijijini kwenyewe, hasa kama safari ni ya mjamzito au ya mwanafunzi wa sekondari anayetakiwa kurudi jioni.