Kabla hujauza linki kwenye blogu yako

Blogu ikishaanza kusomwa, hata iwe ya mapishi tu, barua pepe za wanunuzi hazichelewi. Mtumaji anajitambulisha kuwa ni mtu wa masoko, anasema amevutiwa mno na makala yako (hasemi ipi), kisha anauliza bei ya kuweka makala moja yenye linki ya kudumu kwenda kwa mteja wake. Wengine hawataki hata makala mpya. Wanaomba uipachike linki ndani ya makala ya zamani ambayo tayari inaonekana vizuri Google. Wenye tovuti ninaowahudumia hunitumia barua hizo wakiwa na swali moja: nichukue hela?

Kazi yangu ni kuhakikisha tovuti za watu zinaonekana Google, kwa hiyo nina upande katika suala hili, na sifichi. Lakini kwanza tuelewane anachonunua huyu bwana.

Hana haja na wasomaji wako. Mwambie kwamba wanaokusoma ni wakulima wa mahindi wa Mbeya na Songea, na mteja wake ni kasino ya mtandaoni inayoendeshwa Ulaya kwa Kiingereza, hatashtuka. Anataka kura yako. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mfumo walioupa jina la PageRank: kila linki ihesabiwe kama kura, kura ya ukurasa wenye uzito iwe nzito zaidi, na uzito huo ugawanywe kwa linki zote zinazotoka kwenye ukurasa huo. Google ya leo inatazama mengi zaidi ya hayo, ila linki haijaacha kuzitazama. Ndiyo maana soko hili halifi.

Kuuza tangazo hakujakatazwa. Google inachodai ni linki iliyolipiwa iwekewe alama kwenye msimbo: rel="nofollow", iliyoanza mwaka 2005, au rel="sponsored", iliyoongezwa mwaka 2019. Alama hiyo inaiambia Google isiihesabu linki hiyo kama kura. Msomaji haoni tofauti yoyote. Anabofya vilevile na kufika kulekule. Basi mjibu mnunuzi kwamba bei umeikubali, ila linki itakuwa na alama ya sponsored. Wengi wanatoweka hapohapo. Aliyetoweka alitaka kura, na alitaka uiuze kwa siri.

Bei yake nayo ina mambo. Atakutajia DA (Domain Authority) au DR (Domain Rating), yaani alama ya nguvu ya tovuti yako, kana kwamba ni alama za mtihani wa taifa. Hizo ni namba za kampuni za Moz na Ahrefs, wanazokadiria wenyewe, Google haizitumii. Mnunuzi mzoefu ataangalia pia kama Google inakuletea wasomaji, na hapo ndipo kitanzi kilipo: tovuti isiyopata wasomaji kutoka Google haina cha kupoteza, lakini pia haina mnunuzi wa maana. Ukiona bei nzuri, ujue unachokiuza ndicho hichohicho kinachokulisha.

Hatari yake ni kubwa kiasi gani? Kesi ninayopenda kuitaja ni ya Uingereza, Februari 2013. Interflora, wauza maua wakubwa, walipotea kwenye matokeo ya Google baada ya magazeti mengi ya mikoani kubeba makala za kulipiwa zenye linki za kwenda kwao. Haikupita hata wiki mbili Interflora wakarudi, kabla ya Siku ya Akina Mama ya huko. Magazeti yaliyouza nayo yaliguswa: alama yao ya PageRank, ambayo wakati ule yeyote aliweza kuiona, ilishushwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Google ilikuwa imeuadhibu ukurasa wa Chrome, bidhaa yake yenyewe, kwa sababu ya makala za kulipiwa zilizobeba linki isiyo na alama. Usitegemee kuonewa huruma.

Siku hizi mambo mengi hupita kimyakimya. Desemba 2022 Google ilitangaza kwamba SpamBrain, mfumo wake wa kutambua taka, sasa unatambua tovuti zinazonunua linki na hata zile zinazotumika kuzipitisha, na uzito wa linki hizo unafutwa. Hutaona ujumbe wowote. Wanaouza wanajulikana kwa urahisi kwa sababu wanauzia watu walewale: kwenye blogu moja ya ufugaji wa kuku unakuta linki ya kasino, ya mikopo ya haraka, na ya kampuni za kuwaandikia wanafunzi insha (vijana wengi wa Nairobi wanaijua biashara hiyo kwa ndani). Neno la kubofya liko kwa Kiingereza, limekaa katikati ya sentensi ya Kiswahili. Hata mimi naliona nikiwa nakunywa chai, sembuse mashine.

Ikifika hatua ya adhabu ya mkono, yaani mfanyakazi wa Google amekagua na kuamua, utaikuta taarifa ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ikisema kuna linki zisizo za asili zinazotoka kwenye tovuti yako. Dawa inajulikana: ziondoe au ziwekee alama zote, si mbili tatu za kuonyesha, halafu omba ukaguzi upya na ueleze ulichofanya. Shida ni kwamba uliahidi linki ya kudumu. Mnunuzi atadai pesa yake, na ile pesa ilishaenda kwenye bando na ada ya watoto.

Hilo la kudumu ndilo linalonikera kuliko yote. Tovuti unayoiunganisha leo inaweza kuuzwa kesho, au jina lake likaisha muda na kununuliwa na mtu mwingine kabisa. Blogu ya mawaidha iliyoweka linki ya duka la vitabu inajikuta, bila kuguswa, inapeleka waumini kwenye kamari.

Wateja wangu huwa nawaambia wauze tangazo, na wauze kwa mwezi. Mwenye duka la mbegu na pembejeo Morogoro anataka simu ilie na watu waje dukani. Muulize kuhusu nofollow, atakuuliza ni dawa ya mdudu gani. Mwekee bango au makala iliyoandikwa juu wazi kwamba imelipiwa, namba yake ya WhatsApp, na linki yenye alama. Huyo akiona wateja wanakuja, mwezi ujao analipa tena, jambo ambalo mnunuzi wa kura hafanyi kamwe. Kukodisha sehemu nzima ya tovuti, kama ukurasa wa kuponi unaoendeshwa na kampuni nyingine chini ya jina lako, pia sishauri; tangu 2024 Google ina sera inayowalenga wanaofanya hivyo ili kupanda kwa mgongo wa mwenye tovuti.

Kama umeshauza, usifute kwa pupa. Orodhesha linki zote zinazotoka nje. Kwa WordPress kuna programu-jalizi za kufanya hivyo. Anza na za kamari na mikopo, kisha zile zinazoelekea kwenye tovuti zilizobadilika. Za biashara halali zibakize, ziongezee rel="sponsored", na umwandikie mhusika kabla hujagusa chochote. Katika makubaliano mapya weka tarehe ya mwisho, na sentensi moja inayosema una haki ya kuiondoa linki pale tovuti inapobadilisha mmiliki au shughuli.