Je, wajua kwa nini mtoto anaweza kusoma kila neno na bado asielewe habari?

Mpe mwanafunzi wa darasa la tatu habari fupi ya Kiswahili aisome kwa sauti. Maneno yetu hutamkwa kama yalivyoandikwa, kwa hiyo akishazijua silabi anaweza kufika nukta ya mwisho bila kukwama. Sasa mwulize habari inahusu nini. Kimya. Wengi husema hakuwa makini, na hapo wanamwonea.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu hutokana na mambo mawili yanayozidishana: kuyatambua maneno na kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto wa Mwanza anayezungumza Kisukuma nyumbani anaweza kuwa hodari wa silabi huku Kiswahili cha kitabuni kikiwa bado kigeni kwake.

Lakini hata lugha ikitosha, kuna jambo jingine: mwandishi hasemi yote. Soma habari hii fupi niliyoitunga:

“Mbalamwezi ilipotanda ziwani, Masanja alizifuta taa zake akazifunika kwa gunia. Mama mwenye nyumba alipokuja kudai kodi, alimjibu, ‘Nisubiri giza lirudi, mama.’”

Kwa nini Masanja anaomba asubiriwe? Hakuna sentensi inayosema yeye ni mvuvi, wala kwamba hana fedha. Mtoto wa Igombe au Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, atajibu mara moja. Anajua dagaa huvutwa na mwanga wa taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu hawakusanyiki, hivyo mitumbwi hupumzika na mifuko hukauka. Mtoto aliyekulia mbali na ziwa, hata awe msomaji hodari, atabaki anajiuliza giza linahusianaje na kodi.

Jambo hili lilipimwa Marekani. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaoujua mchezo walielewa kuliko wasomaji wazuri wasioujua.

Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapoanzia, na ndipo wanafunzi wa sekondari wanapopoteza alama bila sababu. Wamekariri orodha ya fani na maudhui. Wakiulizwa mandhari ya habari ya Masanja, wanaandika “ziwani” na kuhamia swali linalofuata. Hiyo ni kutaja tu. Mhakiki anauliza mandhari hayo yanafanya kazi gani. Mbalamwezi, ambayo kwa washairi wengi ni uzuri na mapenzi, hapa imeleta njaa. Giza, ambalo kwa kawaida ni hofu, ndilo linalosubiriwa kama neema. Mwandishi amezigeuza taswira mbili tulizozizoea, na kwa kufanya hivyo ametuonesha maisha ya mtu anayeishi kwa kufuata kalenda ya mwezi. Jibu hilo lina uzito kwa sababu limeshikamana na maneno yaliyomo: “taa”, “kodi”, “giza lirudi”.

Kujaza pengo kuna mpaka wake pia. Akitokea mwanafunzi akasema Masanja amemaliza fedha kwenye pombe, mwalimu asimkaripie. Amwambie tu: nioneshe neno linalosema hivyo. Halipo, kwa hiyo hoja inaanguka yenyewe. Mimi naamini swali hilo moja, likirudiwa kila kipindi, lina faida kuliko kurasa nyingi za madondoo ya kukariri.

Na mwanafunzi huyohuyo wa Igombe ataona ugumu akipewa habari ya mavuno ya karafuu Pemba. Mwalimu atenge dakika tano kabla ya kusoma, aeleze kwamba karafuu huchumwa zikiwa vitumba vya maua visivyochanua, kisha huanikwa juani zikauke. Baada ya hapo mtoto ataelewa mwenyewe kwa nini wingu jeusi katika habari hiyo linawafanya watu wakimbilie uani.