Bima ya afya ya Kanada na waziri aliyesahaulika

Dhana iliyozoeleka ni kwamba Tommy Douglas ndiye aliyewapa Wakanada bima ya afya ya serikali. Heshima yake anaistahili: akiwa waziri mkuu wa jimbo la Saskatchewan, ndiye aliyeinadi kwa wapiga kura mwaka 1960 akashinda. Lakini Novemba 1961 aliondoka kwenda kuongoza chama kipya cha NDP kitaifa. Uwaziri mkuu wa jimbo, pamoja na mzigo wa kuianzisha bima, akaachiwa Woodrow Lloyd, mwalimu aliyeingia baraza la mawaziri la jimbo mwaka 1944 akiwa kijana wa miaka 30 hivi, akashika wizara ya elimu miaka 16, kisha hazina.

Mpango wa bima ulipoanza, tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi walifunga kliniki zao kuupinga. Mgomo ukaendelea siku 23. Tarehe 11 wapinzani walifurika nje ya bunge la jimbo mjini Regina, na katika mgogoro huo kiongozi wa upinzani, Ross Thatcher, alipigwa picha akiupiga teke mlango wa ukumbi uliofungwa. Lloyd hakutishika. Kwa kuwa pande mbili zilikuwa hazikai chumba kimoja, Lord Taylor, daktari kutoka Uingereza, alipeleka maneno huku na huku hadi mkataba ukatiwa saini Saskatoon tarehe 23. Kwangu mimi, bima ile ilizaliwa katika wiki hizo tatu, na mkunga wake ni Lloyd.

Wapo wanaodhani madaktari waligeuzwa watumishi wa serikali. Sivyo. Walibaki na kliniki zao, wakilipwa kwa kila huduma waliyotoa. Aliyebadilika ni mlipaji: sasa ni bima ya serikali ya jimbo.

Wengine huamini kwamba ni mfuko mmoja wa taifa zima. La hasha: kila jimbo lina wake. Hata Mswahili aliyehamia Toronto leo, kadi yake ya afya hutolewa na jimbo la Ontario, si serikali kuu ya Ottawa.

Husemwa pia kuwa Lloyd aliposhindwa uchaguzi wa 1964, bima nayo ilikataliwa. Aliyemshinda ni Thatcher, yuleyule wa lile teke, na hakuifuta. Mwaka 1966 Ottawa ilipitisha sheria ya kugawana gharama na majimbo. Lloyd alifariki Seoul Aprili 1972 akiutumikia Umoja wa Mataifa. Kufikia siku hiyo, majimbo yote 10 ya Kanada yalikuwa yameshaanzisha bima kama ile ya Saskatchewan.