Ukomo wa hedhi na matokeo ya saratani ya ovari

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi pale miezi 12 mfululizo inapopita bila kuona siku zake, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Anapohofiwa kuwa na saratani ya ovari, madaktari huuliza habari hiyo mapema, kwa kuwa hubadilisha aina ya saratani inayotarajiwa, usomaji wa vipimo na ukubwa wa upasuaji.

Kwa wasichana na wanawake vijana, baadhi ya saratani hizi hutokana na seli zinazotengeneza mayai, na huitikia dawa vizuri kiasi kwamba wengi hupona hata pale ugonjwa ulipokwisha kuenea. Baada ya ukomo hutawala aina nyingine, ambayo hukua haraka na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshatapakaa tumboni. Ni kweli, basi, kwamba vijana hupona zaidi, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na aina ya uvimbe na hatua uliyofikia.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama wa miaka 60 anayeishi Chumbageni, Tanga, ambaye hedhi yake ilikoma zamani, na binti yake wa miaka 32. Kila mmoja ana CA-125 (protini ambayo saratani ya ovari huweza kuipandisha) ya 60 katika damu, na ultrasaundi imempa alama 3 kwa dalili za kutia shaka zilizoonekana. Kanuni inayotumika sana huzidisha namba hizo mbili, kisha huzidisha tena kwa 1 ikiwa hedhi bado ipo, au kwa 3 ikiwa imekoma. Binti hupata 180, mama 540. Na kwa kuwa kikomo kinachotumiwa mara nyingi ni 200, mama huharakishwa kwa bingwa wa saratani za kizazi, ilhali binti huendelea kuchunguzwa (180 haimaanishi kwamba yuko salama). CA-125 hupanda pia kwa fibroidi, endometriosi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), maambukizi ya nyonga, ujauzito na hata hedhi yenyewe, ndiyo maana kabla ya ukomo haiaminiki sana.

Dalili za saratani hii, kama tumbo kujaa, kushiba upesi na kukojoa mara kwa mara, hudhaniwa kuwa gesi tu, na kwa maoni yangu ucheleweshaji huo humdhuru mgonjwa kuliko umri wake. Anayetibiwa hatua ya kwanza ana matumaini makubwa. Ugonjwa ukishatapakaa, jambo lenye uzito ni daktari kuondoa uvimbe wote unaoonekana, na mwili kustahimili dawa zinazofuata, ambazo kwa wakazi wa Tanga huweza kumaanisha safari za kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam.

Kijana mwenye ugonjwa wa mapema huweza kuachiwa ovari moja na mfuko wa uzazi ili apate kuzaa. Ovari zote mbili zikiondolewa kabla ya wakati, ukomo wa hedhi humjia ghafla, pamoja na vipindi vya joto la ghafla mwilini na kudhoofika kwa mifupa.