Kuku wa nyama hakuzwi kwa sindano ya homoni

Ujumbe huu haukauki kwenye makundi ya WhatsApp: eti kuku wa nyama huwa tayari kwa wiki sita kwa sababu amedungwa homoni. Si kweli.

Siri iko kwenye ukoo. Makadirio mengi yanaonyesha kuwa asilimia 20 hadi 50 ya tofauti za uzito kati ya kuku wa kundi moja hutokana na vinasaba. Wazito wakichaguliwa kuwa wazazi, kizazi baada ya kizazi, badiliko huwa kubwa mno. Watafiti nchini Kanada walifuga kuku wa ukoo wa 1957 na wa 2005 kwa chakula kilekile. Siku ya 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905. Wa pili, gramu 4,202.

Jaribu mwenyewe: fuga vifaranga wa kienyeji na wa nyama pamoja, uwapime kila wiki.

Wengi huona chanjo au vitamini za kwenye maji, wakadhani ni homoni. Hofu hiyo naielewa; kila mzazi hujali anachomlisha mwanawe. Swali la maana zaidi ni antibiotiki zinazotumiwa ovyo. Ujumbe huo wa homoni ukikufikia, tafadhali usiusambaze.